Mume Wangu na Barabara ya Mgongoni

Nyinyi vijana wa Arlington mna ugonjwa mmoja. Mkimwona mama Mkenya aliyestaafu, mnampa pole kwa kazi ya kuinua wagonjwa, mkidhani alikuwa nesi. Juzi kwenye nyama choma ya kanisa binti mmoja aliniletea kiti, akaniambia, "Auntie, you were a nurse, right?" Nikamwambia la, mwanangu, kazi yangu ilikuwa kuwapeleka Wamarekani Ufaransa wakaendeshe baiskeli milimani. Alicheka mpaka soda ikampanda puani. Nikamwambia nesi ni mume wangu. Akacheka zaidi.

Basi nimeona niandike. Kazi yangu ilikuwa kazi kweli, na huenda mmoja wenu akaipenda. Nitawaambia pia habari za wivu, kwa sababu hakuna aliyenionya kwamba kazi hii huja nao kama tairi inavyokuja na tyubu yake.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, hapo Fort Worth: karakana moja, gari moja la mizigo na bosi mmoja asiyenyamaza. Wakati wa machipuko na wa vuli tuliwapeleka wateja Cantal, nchi ya milima katikati ya Ufaransa. Huko ng'ombe ni wekundu wenye pembe ndefu, na vijiji ni vya mawe na vina usingizi. Miezi iliyobaki tulikuwa hapa Texas tukitengeneza baiskeli, tukipanga njia na kuwafundisha wateja kupanda milima tusiyokuwa nayo.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Wateja wa Dallas na Fort Worth niliwapeleka Cedar Hill, kuna vilima vya kuanzia. Lakini Houston! Houston ni bapa kama sinia. Huko tuliwapandisha majengo ya ghorofa ya kuegesha magari, Jumapili asubuhi yakiwa matupu, zunguka na kupanda, zunguka na kupanda, mpaka mlinzi aje kuuliza kama tumepotea. Siku nyingine tuliwapeleka penye upepo wa usoni. Kwa mtu wa Houston upepo ndio mlima. Na hapa Arlington, ukiendesha baiskeli barabarani hukosi msamaria mwema wa kupunguza mwendo, ashushe kioo akuulize gari lako limeharibikia wapi.

Niliingiaje humo? Nilikuja Texas kama mke wa mwanafunzi wa uuguzi. Mwadime akasoma, mimi nikapata kibarua kwenye ghala moja pale Grand Prairie, kuunganisha baiskeli zinazotoka kwenye maboksi. Siku moja akaja mzee wa Kitexas aitwaye Earl, kiongozi wa misafara ya ile kampuni ya Fort Worth, kuchukua baiskeli za wateja. Akaona nazungusha kila gurudumu na kulisikiliza kabla ya kumkabidhi.

"Wewe mwenyewe unaendesha?" akaniuliza.

Nikamwambia nimekulia Wundanyi, kule Taita, ambako shule iko juu ya mlima na nyumbani pia kuko juu ya mlima. Alicheka sana. Mwezi uliofuata nilikuwa dereva wa gari lake la mizigo, na baada ya misafara kadhaa akanitoa garini akanipandisha baiskeli, niongoze wateja mbele yeye akifuata nyuma.

Earl alikuwa haongei sana, na sikio lake moja lilikuwa limekufa. Alinifundisha kwa kutandika ramani ya karatasi juu ya boneti. "Barabara ya bondeni ni ya malori," aliniambia. "Ya mgongoni ni ya ng'ombe. Sisi ni watu wa ng'ombe." Mto hupita bondeni, reli hufuata mto, kiwanda hufuata reli, na lori hufuata kiwanda. Ukitaka utulivu, panda mpaka mgongo wa mlima halafu ufuate mgongo huo. Alinionyesha pia vishale vidogo kwenye ramani vinavyoelekea upande wa kupanda. Kimoja, mteja atalalamika. Viwili, atanyamaza. Vitatu, atakutukana.

Alinifundisha kwamba ukikosa maji, tafuta makaburi. Kila kijiji cha kule kina makaburi, na kila makaburi yana bomba la kumwagilia maua. Kuna mabomba yaliyoandikwa kuwa maji yake si ya kunywa, kwa hiyo soma kwanza. Mara ya kwanza wateja walishtuka kuona nawapeleka kwa wafu. Mara ya pili walikuwa wakiulizia makaburi wenyewe.

Mengine nilijifunza kwa kuaibika. Msimamie mteja kwa kila kitu, lakini kamwe usimwambie mlima umebaki kiasi gani. Nilimwambia wakili mmoja wa Houston, "Tumemaliza, kilele ni pale penye mti." Tulipofika penye mti, barabara ikakunja kona, ikaendelea kupanda kana kwamba ndiyo kwanza inaanza. Wakili alishuka, akalaza baiskeli, akakaa kwenye nyasi kama ng'ombe. Jioni alikula amenipa mgongo. Siku nyingine nilisahau kwamba Jumatatu maduka ya kule hufungwa. Nikawatembeza watu na njaa zao kijiji hadi kijiji, milango yote imefungwa, harufu ya supu ikitoka madirishani kwa watu. Tangu siku hiyo nikawa nanunua mikate Jumapili.

Siku hizi mna simu za kuwaonyesha njia, na sizikatai. Lakini simu inapenda njia fupi, na mara nyingi njia fupi ndiyo ya malori. Iulize simu, kisha umuulize mpeleka barua.

Sasa, kulikuwa na barabara moja. Earl aliniachia alipostaafu, maana yeye miguu ilikuwa imekataa. Ilitoka kijijini nyuma ya kanisa, ikapanda kati ya kuta za mawe, halafu ikalala juu ya mgongo wa mlima kwa mwendo mrefu, bonde huku na bonde huku, na maua ya manjano pembeni. Unaweza kwenda asubuhi nzima usipite gari. Unasikia kengele za ng'ombe na pumzi yako, basi. Sikuwapeleka wateja kule. Siku ya mapumziko ya msafara, wao wakiwa wamelala, nilikwenda peke yangu. Nilikuwa napita nyumba moja ya mawe ambako bibi mmoja mkulima alisimama mlangoni na aproni yake. Tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa, nami napita zangu.

Nikirudi Arlington nilikuwa naosha vyombo huku natabasamu, na Mwadime alikuwa anaona.

Mume wangu ni mtu mpole. Wagonjwa wake walimpenda, kanisani alikuwa mzee wa kwaya. Lakini kila nikiwa Ufaransa alibadilika sauti kwenye simu.

"Uko na nani?"

"Niko na ng'ombe, Baba Mkawasi."

"Ng'ombe gani anakufanya uongee kwa sauti hiyo?"

Mwanzoni alimwonea wivu Earl. Nikamwonyesha picha ya Earl na kifaa chake cha sikio, akatulia kidogo. Kisha akawaonea wivu wateja, wanaume wa Dallas waliovaa suruali za kubana. Nikamwambia wale wakifika jioni hawana nguvu hata ya kukata mkate. Bado alinuna. Mwishowe akaacha kuuliza kabisa, na hapo ndipo mimi nilipoanza kuogopa.

Maana mwaka huo alianza kwenda Houston. Aliniambia hospitali moja ya huko ina upungufu wa manesi, atakuwa anachukua zamu za wikendi. Nikaona sawa. Lakini mwanamume wa rika lake akianza kupungua tumbo bila kuugua, mkewe ana haki ya kuuliza. Alianza kula mboga. Alianza kupanda ngazi mbili mbili. Siku moja nikamsikia bafuni anajisemea maneno ya Kifaransa, na alipotoka nikamuuliza alikuwa akisema nini, akajibu, "Ni dawa. Jina la dawa."

Halafu mama mmoja wa kanisani akanivuta kando. "Mama Mkawasi, sipendi maneno. Lakini nilimwona Baba Mkawasi Houston, mtaa wa Sharpstown. Alikuwa na mama mmoja wa Kikongo, wamesimama penye ngazi za nyumba, wanacheka."

Sharpstown? Huko Sharpstown nilikuwa namjua Mkongo mmoja tu: Mama Furaha. Alikuwa mjane kutoka Bukavu, na kampuni yetu ilimtumia kupiga simu kwa wenye hoteli wa kule Cantal, maana bosi hakujua Kifaransa na mimi nilikuwa najua cha kuombea mkate na maji. Tulikuwa tukiongea kila wiki! Alikuwa akiniita dada! Wanangu, sijui kama mmewahi kuhisi wivu ukiwa bado mbichi. Unaanzia tumboni kama njaa, lakini chakula hakiingii. Akilini nilimwona mume wangu akicheka na mtu mwingine kile kicheko chake cha kufunga macho, nikamwona mamia ya mara, nami sijatoka jikoni.

Jumapili iliyofuata sikwenda kanisani. Niliingia ndani ya gari nikashuka Houston, safari ya nusu siku kasoro, na njia nzima nilipanga maneno. Nilipofika, gari la Mwadime lilikuwa pale pale chini ya ngazi za Mama Furaha.

Nikabisha hodi. Mama Furaha akafungua, kitambaa kichwani, mwiko mkononi.

"Eh! Dada Wakesho! Karibu, mama, karibu. Mbona uko na sura ya vita?"

"Mume wangu yuko wapi?"

"Bwana yako? Hayuko hapa. Iko anapanda kinga."

"Anapanda nini?"

"Kinga, mama. Vélo. Baiskeli!" Akanitazama usoni, kisha akaelewa, akaangusha mwiko kwenye meza. "Mungu wangu. Hajakuambia? Mi nilimwambia, ambia bibi yako, siri ni mbaya. Ngoja nivae viatu."

Tukatembea mpaka jengo la kuegesha magari, lile lile nilikowapeleka wateja wangu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimemsimulia Mwadime habari zake mezani. Jambo la kwanza nililosikia ni mnyororo mkavu. Ulikuwa unalia kama panya. Kisha nikasikia sauti ya mwanamume anayehema, akihesabu ghorofa kwa Kifaransa kwa lafudhi ya Taita. Akatokea kwenye kona, amevaa suruali ya unesi, yuko juu ya baiskeli ya marehemu mume wa Mama Furaha, magoti yametanuka kama ya chura.

Aliponiona alikosa kubonyeza breki. Alipita, akagonga ukuta polepole, akasimama.

"Mama Mkawasi."

"Zamu gani hii?"

"Ya asubuhi huwa naingia kazini kweli. Ikiisha nakuja hapa. Huyu mama ananifundisha Kifaransa."

"Kwa nini?"

Alijipangusa uso. "Nataka kuja kule. Kila mwaka unarudi na sura ambayo mimi sikuiweka. Nikasema niende nikamwone huyo aliyeiweka."

"Ni barabara, Mwadime. Ni barabara tu."

"Najua. Ingekuwa mtu ningempiga. Barabara nitaifanyaje?"

"Si ungeniambia nikufundishe?"

"Halafu unisubiri juu ya mlima na ule uso wako wa kuwasubiri wateja? Hapana. Nilitaka nifike nikiwa naweza."

Nilikuwa nimebeba maneno ya matusi toka Arlington, mengine kwa Kitaita. Sikuona pa kuyatua. Nikamwambia, "Shuka. Kiti chako kiko chini mno, utaharibu magoti." Nikakiinua pale pale. Mama Furaha alisimama nyuma yetu akisema, "Mais vous deux, ninyi wawili mtaniua." Kisha akatupeleka nyumbani kwake tukala wali na sombe, kisamvu cha Kikongo. Nami nilimwomba radhi kwa yale niliyomdhania, ijapokuwa sikuyataja yote.

Msimu uliofuata bosi alihitaji dereva wa gari la mizigo. Mwadime akachukua likizo yake hospitalini, akaja.

Hapa ndipo wivu ulipohama, ukaniingia mimi na kukaa.

Alikuwa dereva mzuri, na wateja walimpenda. Mteja akichubuka, nesi yupo. Wenye hoteli walimpenda zaidi, kwa sababu aliongea Kifaransa chake kibovu bila haya, akiuliza habari za mama zao na kuku wao. Mimi niliyekuja miaka yote nilikuwa napewa funguo na tabasamu. Yeye alipewa kipande cha jibini cha kupeleka chumbani.

Siku ya mapumziko nikasema nimwonyeshe barabara yangu. Nilitaka aione, na nilitaka aione kimya. Wapi! Alianza kuongea nyuma ya kanisa na hakunyamaza. Tazama ukuta huu, kama wa kwa babu. Tazama ng'ombe yule. Kule juu kabisa, penye mgongo wenyewe, akaanza kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya pili. Nilikazana mbele, nikaongeza mwendo.

Nilipogeuka hayupo.

Nilirudi nyuma, nikakuta baiskeli yake imeegemezwa kwenye ile nyumba ya mawe. Mlango uko wazi. Mume wangu ameketi jikoni na kikombe cha kahawa, yule bibi wa aproni anamkatia jibini, na simu iko mezani wanaangalia picha za watoto wetu. Bibi aliponiona aliinuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno mengi.

"Anasemaje?" nikauliza.

Mwadime alisita. "Anasema hatimaye umesimama. Anasema humu ndani wamekupa jina."

"Jina gani?"

"Mama mwenye haraka."

Nilikunywa ile kahawa lakini sikuionja. Miaka yote nilijiona mtu wa utulivu wa pale, kama ukuta, kama kengele. Kumbe wenye utulivu wao waliniona kama lori dogo. Na huyu, siku yake ya kwanza, na sauti yake ya pili, amefunguliwa mlango.

Njia nzima ya kurudi nilitangulia. Tulipokuwa tunaosha minyororo nyuma ya hoteli akaniuliza, "Umeninunia?"

"Ile ni barabara yangu."

Aliweka brashi chini. Hakucheka, nampa heshima yake kwa hilo. "Basi sasa unajua nilivyokuwa nikijisikia pale Arlington, ukiosha vyombo."

Ningependa kuwaambia kwamba wivu uliisha siku hiyo. Haukuisha. Tulichofanya ni kugawana. Siku ya mapumziko nilikuwa natangulia peke yangu asubuhi na mapema, kimya changu nikakipata, naye akaja nyuma na maongezi yake, tukakutana jikoni kwa yule bibi. Nilianza kusimama. Kifaransa changu kikakua kidogo. Lakini kila yule bibi alipocheka zaidi na Mwadime kuliko nami, kitu kilinichoma, na nikakiacha kichome. Mkifanya kazi na watu mnaowapenda, mtachomwa. Kazi haisimami kwa sababu hiyo.

Kilichonisimamisha mimi ni goti. La kulia. Kwanza lilikuwa linauma kwenye kushuka, halafu kwenye kupanda, halafu kwenye ngazi za kanisa. Daktari akasema gegedu limekwisha, niwekewe goti la chuma. Nikakataa. Mwadime alinieleza kwa upole wote wa kazi yake: amewauguza watu wa magoti, kesho yake tu wanatembea na fimbo, baada ya muda wanaendesha baiskeli. Nikamwambia hao ni wagonjwa wako, mimi ni mke wako, na kisu naogopa. Nikastaafu.

Yeye akastaafu hospitalini. Na sasa sikilizeni: bosi akampigia simu. Siku hizi wateja wengi ni wazee wanaotumia baiskeli za umeme, mlima hauwatishi tena, na bosi akataka kiongozi aliye nesi, anayejua njia na mwenye maneno. Mume wangu, aliyegonga ukuta Sharpstown! Alinitazama kabla ya kujibu. Nikamwambia nenda. Nilisema vizuri kabisa. Kisha nikaingia bafuni nikafungua maji ili asinisikie.

Amekwenda misimu kadhaa. Hunipigia simu ya video akiwa mgongoni, na mimi niko sebuleni Arlington na barafu kwenye goti, kiyoyozi kinanguruma. Nasikia kengele. Namuuliza, "Umepita wapi?" Akinieleza namkosoa: ungepitia upande wa msitu, kuna kivuli. Hunisikiliza, kisha hupita anakotaka.

Mwezi uliopita nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege. Amechomwa na jua, viatu vina udongo wa kule. Tukiwa tunatoka pale penye barabara zile za kupitana juu kwa chini akasema, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, "Nimepata njia mpya."

"Mpya ipi? Kule hakuna mpya."

"Bibi alinielekeza. Unaanzia nyuma ya kinu cha zamani, unaingia msitu wa ile miti yao inayozaa kama njugu, unapanda, unapanda. Halafu unatokea juu ya mgongo. Juu yake kabisa. Ukitazama chini, unaiona barabara yako yote imelala kama mkanda."

Nilikaribia kuligonga gari la mbele.

"Juu ya barabara yangu?"

"Juu yake."

"Iko wapi hasa? Kushoto kwa kinu au kulia?"

"Siwezi kuieleza, Wakesho. Ni ya kuonyeshwa."

"Ulikuwa na nani ulipoipanda?"

"Peke yangu," akasema. Akafunga macho, akaegemea kiti, akalala mpaka nyumbani, na usoni alikuwa na tabasamu ambalo mimi sikuliweka.

Usiku ule nilimpa chakula, nikamwacha ale. Asubuhi nikampigia simu daktari. Jumatatu napasuliwa goti, niwekewe la chuma. Mwadime ameniuliza kama naogopa, nikamwambia naogopa sana, lakini ile njia hataipanda tena peke yake.